Mashapo, Mizani na Lugha: Milinganyo ya Kemia katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania una umri wa zaidi ya nusu karne, na aghalabu umeendeshwa kwa hoja za jumla: utaifa, gharama za vitabu, mahusiano na ulimwengu, heshima ya lugha yenyewe. Hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo, ni nadra mjadala huo kuteremka hadi kwenye meza ya mwanafunzi anayekabiliwa na kazi moja mahususi ya kiakili, na kuuliza lugha inafanya nini katika kazi hiyo.

Makala haya yanachukua kazi moja ya namna hiyo: kuandika na kusawazisha milinganyo ya mimenyuko inayozaa mashapo. Kazi hiyo inatazamwa katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja inayotetewa ni kwamba kikwazo kikubwa cha mwanafunzi katika somo hili si hesabu, bali ni sentensi ambayo hakupata nafasi ya kuitamka. Kiswahili kina maneno ya kuitamkia sentensi hiyo, ingawa baadhi ya maneno hayo yanahitaji kunolewa. Na katika eneo ambalo kemikali za dhahabu hutumika jirani na makazi ya watu, suala hili linavuka mipaka ya alama za mtihani.

2.0 Mazingira ya Lugha na ya Dhahabu

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilithibitisha nafasi ya Kiingereza. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa lugha zote mbili, lakini mtihani wa kemia wa kidato cha nne ungali unaandikwa na kujibiwa kwa Kiingereza.

Shinyanga na Geita zina sura yake katika picha hiyo. Watoto wengi wa vijijini huanza maisha kwa Kisukuma, na wengine kwa Kisumbwa au Kizinza. Kiswahili ni lugha yao ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Machimboni, hata hivyo, mambo ni tofauti. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo waliotoka pembe zote za nchi, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kwa Kiswahili wamejenga msamiati kamili wa kazi: *duara* ni shimo la kuchimbia, *karasha* ni mashine ya kuvunjia mawe, *mwalo* ni mahali pa kuoshea mchanga, *marudio* ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, na *kuchenjua* ni kuitenganisha dhahabu na takataka zake. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kuwapa maneno hayo. Kazi ndiyo iliyoyadai.

Basi mwanafunzi wa Katoro, Nyarugusu au Kakola hukaa kati ya shule inayomfundisha kemia kwa lugha asiyoimudu, na machimbo yanayotumia kemia kwa lugha anayoimudu. Shule na machimbo ni nadra kuzungumza.

3.0 Mlinganyo Ni wa Lugha Gani?

Wapo wanaoamini kwamba milinganyo ya kemia ni sehemu ya Kiingereza, na kwa hiyo mwanafunzi asiyejua Kiingereza hawezi kuimudu. Imani hiyo haina msingi. Alama ya dhahabu ni Au, kutokana na neno la Kilatini *aurum*. Alama ya fedha ni Ag, ya risasi ni Pb, ya chuma ni Fe, zote kutoka Kilatini. Alama ya sodiamu ni Na, kutokana na *natrium*. Mbele ya alama ya Au, mtoto wa Geita na mtoto wa Manchester wako sawa: hakuna kati yao anayeisikia lugha ya mama yake ndani ya herufi hizo. Wote wawili hulazimika kujifunza.

Tofauti inakuja baada ya hapo. Mtoto wa Manchester akishaijua alama, huizungushia sentensi za lugha anayoiotea ndoto. Chukua mfano ufuatao, ambao hauondoki katika vitabu vya sekondari:

BaCl₂ + Na₂SO₄ → BaSO₄ + 2NaCl

Mstari huu ni mfupi, lakini umebeba hadithi ndefu. Kloridi ya bariamu imemumunyuka katika maji, nayo salfeti ya sodiamu vilevile. Vimiminika vyote viwili ni vyeupe kama maji ya mvua. Ndani yake ioni zinaelea, kila moja peke yake. Vinapochanganywa, bariamu hukutana na salfeti, na kwa kuwa kampaundi yao haimumunyiki katika maji, hutoka humo kwa umbo la unga mweupe unaotuama chini ya neli. Sodiamu na klorini hubaki zikielea, kama watu waliohudhuria harusi isiyokuwa yao. Mwishowe yapaswa kuhakikisha kwamba hakuna atomi iliyopotea wala iliyoongezeka: klorini mbili zilizoingia kushoto lazima zionekane mbili kulia, na sodiamu kadhalika.

Anayeweza kuisimulia hadithi hiyo anaweza kuandika mlinganyo wake hata kama hajawahi kuuona. Asiyeweza kuisimulia hana budi kukariri mstari, na mstari wa pili ukija na chumvi nyingine inampasa akariri upya. Kukariri huku ndiko kunakolalamikiwa na walimu kila mwaka, lakini mara nyingi hutajwa kama uvivu. Ni vyema kuuliza iwapo mwanafunzi aliyenyimwa lugha ya kusimulia ameachiwa njia nyingine yoyote.

4.0 Maneno Matatu Yanayohitaji Kunolewa

Haitoshi kusema kwamba Kiswahili kinaweza. Mtu anayeitetea lugha bila kuonyesha kasoro zake huwapa wapinzani silaha. Katika somo hili yapo maneno matatu yanayostahili uangalifu.

4.1 Kuyeyuka na kumumunyuka

Katika mazungumzo ya kila siku, barafu *huyeyuka*, samli *huyeyuka*, na sukari nayo *huyeyuka* katika chai. Kwa mkemia, mambo haya ni mawili. Samli hugeuka kimiminika kwa sababu ya joto, na hakuna kitu cha pili kinachohitajika. Sukari huenea katika maji na kutoweka machoni, na maji ndiyo yanayoifanyia kazi hiyo. Kwa jambo la pili Kiswahili kina neno *kumumunyuka*, lenye asili ya kitenzi *mumunya* anachokifahamu kila mtoto aliyewahi kuweka kipande cha sukari guru mdomoni na kukiacha kiishe bila kutafuna. Ni neno lililo wazi. Tena mofolojia ya Kiswahili inalipa faida ya ziada: *inamumunyuka* hueleza kinachotokea sasa, na *inamumunyika* hueleza uwezo wa kitu, jambo ambalo ndilo kiini cha kanuni za umumunyikaji. Vitabu vinavyotumia *yeyuka* kwa mambo yote mawili vinaitupa hazina iliyoko mkononi.

4.2 Mashapo

Neno *mashapo* ni zuri, lakini lina mtego. Katika matumizi ya kawaida, mashapo ni masalio yanayobaki chini ya chombo cha togwa, kahawa au maji ya kisima. Yalikuwamo tangu mwanzo, yakiwa yabisi, kisha yakatuama. Mashapo ya kemia hayakuwamo. Ni kitu kipya kilichozaliwa pale vimiminika viwili visivyo na chembe vilipokutana. Mwanafunzi anayebeba maana ya kwanza hadi maabara atadhani kwamba unga mweupe ulikuwa umejificha katika mojawapo ya neli, na hataona sababu ya kuandika kampaundi mpya upande wa kulia wa mlinganyo.

Mtego wa pili ni wa thamani. Mashapo ya nyumbani humwagwa. Mashapo ya kemia huenda yakawa ndiyo yanayotafutwa. Dawa ya mitego hii si kuliacha neno na kukopa jingine, kwani kila neno la kawaida linalopandishwa cheo kuwa istilahi hubeba vumbi la mtaani. Dawa ni mwalimu kulieleza vumbi hilo waziwazi, tena kwa lugha ambayo vumbi hilo linaonekana.

4.3 Kusawazisha

Neno hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Kusawazisha, katika fikra za mkulima, ni kukata kilima na kujaza bonde mpaka ardhi ilingane. Mwanafunzi anapoambiwa *asawazishe* mlinganyo ambao kulia umeandikwa NaCl, huku kushoto kukiwa na sodiamu mbili na klorini mbili, hufanya kama neno linavyomwelekeza: hukata na kujaza mahali penyewe, akaandika Na₂Cl₂. Hesabu imelingana, lakini kemia imevunjika, maana amebadili utambulisho wa chumvi ili hesabu itimie.

Picha sahihi ni ya mizani. Kwenye mizani, mtu hachongi jiwe la kupimia ili sahani zilingane. Anaongeza jiwe zima au anaondoa jiwe zima. Tarakimu ndogo iliyo ndani ya fomula ni umbile la jiwe, na haiguswi. Tarakimu kubwa inayotangulia fomula ni idadi ya mawe, nayo ndiyo inayoruhusiwa kubadilika. Kwa hiyo 2NaCl ni mawe mawili ya chumvi, ilhali Na₂Cl₂ ni jiwe lililochongwa.

Hakuna mahali ambapo picha hii ingeeleweka upesi kuliko Shinyanga na Geita. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliijua mizani kwa uchungu. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliunda Victoria Federation of Co-operative Unions. Mnunuzi wa dhahabu naye huweka mizani yake ndogo mezani, na macho ya muuzaji hayabanduki hapo. Watoto wa watu hao wanajua tangu wadogo kwamba anayechonga jiwe la mizani ni mwizi. Kinachokosekana ni mwalimu kuruhusiwa kuwaambia hivyo darasani kwa lugha inayoibeba picha hiyo.

5.0 Kutoka Maabara hadi Mtambo wa Kuchenjua

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni masuala ya darasani tu. Hali ya machimbo inaonyesha vinginevyo.

Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo wamekamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma, na hatari ya moshi wake imesemwa sana. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo. Sambamba na zebaki imeenea njia nyingine, ya kuyapitisha marudio katika maji ya sayanaidi. Njia hii ilivumbuliwa na MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest huko Glasgow mwaka 1887. Mlinganyo wake wa kwanza ni huu:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Dhahabu, chuma kisichotishika kwa maji wala kwa kutu, *imemumunyuka* katika maji baridi. Haionekani. Katika hatua ya pili hunaswa kwa makaa maalumu au, katika njia ya zamani zaidi, maji hayo hutiwa vumbi la zinki:

2Na[Au(CN)₂] + Zn → Na₂[Zn(CN)₄] + 2Au

Ni kweli kwamba mmenyuko huu wa pili si wa kubadilishana ioni kama ule wa bariamu. Hapa zinki huiondoa dhahabu kwenye nafasi yake na kuingia yenyewe. Lakini kinachotokea mbele ya macho ni kilekile: kitu kilichokuwa kimemumunyuka hutoka katika kimiminika kikiwa yabisi, na kanuni ya mizani ni ileile.

Sasa na yarejewe yale maneno matatu. Dhahabu hiyohiyo, mwisho wa safari yake, *huyeyushwa* kwa moto unaozidi nyuzi 1,064 za selisiasi. Ikiwa neno *kuyeyusha* linatumika kwa tanuri na kwa birika la sayanaidi pia, kijana wa kibarua ataelewaje kwamba maji maangavu, yaliyo baridi na yasiyotoa moshi, yamebeba dhahabu na sumu kwa pamoja? Ikiwa mashapo kwake ni uchafu na maji meupe ni usafi, basi mtambo huu umeipindua lugha yake juu chini: mashapo ndiyo mali, na maji maangavu ndiyo mauti.

Liko jambo jingine zito zaidi. Maji ya sayanaidi hutiwa chokaa ili yasiwe na asidi. Yakikutana na asidi, hutokea haya:

NaCN + HCl → NaCl + HCN

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaufahamu ubadilishanaji huu, kwa kuwa ni ndugu wa ule wa bariamu na salfeti. Tofauti ni kwamba kinachozaliwa hapa hakitui chini kama mashapo. Hupaa hewani, nacho ni gesi inayoua. Aliyezoea kujiuliza, kila anapoona vitu viwili vikichanganywa, "nini kitazaliwa, na kitakwenda wapi?", ana kinga ambayo bango la onyo haliwezi kumpa. Aliyekariri mstari wa bariamu kwa lugha asiyoielewa, akaufaulu au akaushindwa, hana kinga hiyo. Wote wawili wanaweza kujikuta wakifanya kazi kwenye mtambo mmoja mwaka unaofuata.

6.0 Hoja za Upande wa Pili

Hoja ya kwanza inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*. Istilahi zipo. Kilichokosekana ni mahali pa kuzitumia. Istilahi isiyotumika ni kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani: haijafa, lakini haiwezi kuota huko.

Ushahidi wa karibu ni neno *makinikia*. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia ya migodi, na mwezi Mei mwaka huohuo kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha taarifa yake mbele ya Rais. Katika majuma machache, neno ambalo hapo awali lilifahamika kwa wachache lilikuwa midomoni mwa wauza magazeti, madereva na wabunge. Hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu. Lilikuwa limebeba jambo ambalo watu walitaka kulijua. Hivyo ndivyo istilahi zinavyoota.

Hoja ya pili ni kwamba mwanafunzi atakatwa na ulimwengu. Kama ilivyoonyeshwa, alama na fomula ni mali ya ulimwengu mzima na hazitafsiriwi. Kiingereza nacho ni cha lazima kwa anayetaka kusoma mbele, na kwa sababu hiyo kinastahili kufundishwa vizuri, kama somo, na walimu waliofundwa kukifundisha. Kukifanya chombo cha kufundishia kemia kabla hakijafahamika ni kuyadhuru masomo mawili kwa pigo moja.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwa mtoto wa Kisukuma, Kiswahili pia ni lugha ya kujifunza. Hili ni kweli na halipaswi kupuuzwa. Lakini mtoto huyo amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, amehesabu kwa Kiswahili, na atafanya kazi kwa Kiswahili. Umbali wake na Kiswahili haulingani na umbali wake na Kiingereza. Aidha, hakuna kinachomzuia mwalimu kutumia mfano wa Kisukuma pale unapofaa.

Tena, ni jambo linalojulikana kwamba walimu wengi hueleza somo kwa Kiswahili kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza. Kiswahili kimo darasani tayari, ila kimeingia kwa magendo. Kwa kuwa hakitambuliwi, hakikaguliwi, na kila mwalimu hujitungia maneno yake. Mmoja husema *myeyusho*, mwingine *mmumunyo*, wa tatu *maji ya chumvi*. Biashara ya magendo haina mizani.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba kubadili lugha ya kufundishia kutaondoa matatizo yote ya somo la kemia. Shule isiyo na nitrati ya fedha wala neli haitaona mashapo kwa lugha yoyote. Inachodaiwa ni kwamba, pale vifaa vilipo, lugha ndiyo inayoamua iwapo mwanafunzi ataona mmenyuko au ataona rangi tu.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri mageuzi makubwa. Kwanza, mwanafunzi aruhusiwe kujibu maswali ya maelezo ya kemia kwa lugha anayoimudu kati ya mbili, huku fomula na milinganyo ikibaki kama ilivyo. Pili, Baraza la Kiswahili la Taifa na idara za Kiswahili na za kemia za vyuo vikuu zikae pamoja kuchuja istilahi za somo hili, zikianza na zile zinazogongana, na zisione haya kwenda mialoni kusikiliza, kwani wanaochenjua dhahabu kila siku wana maneno ambayo wanakamati hawajayafikiria. Tatu, maelezo ya kemikali zinazouzwa katika ukanda wa dhahabu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachotofautisha kuyeyuka na kumumunyuka, na kinachoeleza nini kitazaliwa iwapo vitu viwili vitakutana.

Jambo la kwanza linahitaji uamuzi, la pili linahitaji kazi, na la tatu linahitaji wino tu. Kwa kuwa la tatu ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo linalogusa uhai wa watu moja kwa moja, hakuna udhuru wa kutokuanza nalo.